Amri ya Pole

Daudi aliponipigia simu asubuhi ile hakunipa pole. Alisema, "Bi Zuhura ametutoka alfajiri. Wanazika alasiri, Kondoa," kisha akaniambia tutakutana hukohuko. Mke wangu, aliyekuwa akimimina chai, alisikia yote, na baada ya simu kukatika akaniuliza inakuwaje rafiki yangu wa miaka yote hiyo ashindwe kutamka neno moja la ubinadamu kwa mtu aliyefiwa. Nilimwambia ni sheria ya zamani kati yetu. Hakuridhika, na sikumlaumu. Kwetu mtu akijikwaa njiani, wanaompita humpa pole. Akibeba mzigo hupewa pole. Akitoka kazini, akiugua, akinyeshewa, hupewa pole hata na wasiomjua, na asiyeitoa huonekana hakulelewa. Mimi nimetembea kwa magongo na vyuma vya miguuni tangu utotoni, kwa hiyo nadhani neno hilo nimepewa mara nyingi kuliko watu wengi wa Dodoma. Ni mwaka mmoja tu wa ujana wangu, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, ambapo sehemu ya kila juma niliishi mahali lilipokatazwa. Kwenye basi la Kondoa nilikaa dirishani nikajaribu kuupanga mwaka huo upya, kama ninavyopanga vipande vya redio mezani kabla ya kuvirudisha ndani ya kasha lake.

Wakati huo nilikuwa na chumba kimoja Chang'ombe ya Dodoma: mbele benchi la kazi, nyuma ya pazia kitanda. Ufundi wa redio nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na kamusi iliyokuwa imepoteza jalada, na sikuwa na tabia ya kwenda mbali na benchi na vitabu hivyo. Mwalimu Chiwanga aliingia mchana mmoja na kipaza sauti cha mkononi kilichokufa. Alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu, mrefu, mwenye filimbi shingoni hata pasipokuwapo mchezo wowote. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda cha wateja, na nilipokuwa nafungua skrubu akanieleza kwamba kifaa ni cha klabu ya kupiga makasia aliyoianzisha kwenye bwawa la Mtera. Nilimuuliza ni wapiga makasia wa namna gani. "Wa kila namna," akasema. "Mmoja haoni, mmoja hasikii, mmoja mvuvi mzima wa afya. Nina nafasi moja." Nikamuuliza kama miguu yangu hajaiona. "Nimeiona tangu mlangoni. Nilikuwa natazama mikono." Nilimrudishia kipaza sauti kikiwa kizima na nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri juma zima. Sikujua kuogelea, na nilijua uzito wa chuma.

Jumamosi ya kwanza niligundua kwamba vyuma havipandi kwenye boti. Vingenizamisha, alisema Mwalimu, kwa hiyo vinabaki nchi kavu. Hakuna aliyewahi kuniona hadharani bila vyuma vyangu. Nilivifungua kwenye stoo ya klabu, chumba cha mbao kilichonuka samaki wakavu na lami ya kuzibia mitumbwi, na Hamisi, yule mvuvi, akanigeuzia mgongo akachuchumaa. "Panda, Fundi. Mimi nimebeba mama mkwe wangu kuvuka mto Kizigo. Wewe ni kuku tu." Alinibeba kupitia mwalo mzima, katikati ya wanawake waliokuwa wakianika samaki na vijana waliokuwa wakishona nyavu, na pande zote mbili nikasikia: pole, jamani, pole, pole kaka. Nilikuwa natazama kisogo cha Hamisi. Aliponiketisha kwenye benchi la boti na kunifunga mkanda mapajani, Mwalimu alisimama majini hadi magotini akaniambia sheria. "Umesikia hilo neno lao? Humu ndani ni amri. Bi Zuhura, anayeongoza boti, akisema pole, unavuta kifupi na kwa wepesi. Hana maana nyingine. Ukigongwa, hupewi. Ukiumia, hupewi. Mkianza kupeana pole za huruma humu, mtakufa maji." Nilidhani anatia chumvi. Lakini nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeitarajia.

Anayepiga makasia huipa safari mgongo. Sisi wanne tulikaa mmoja nyuma ya mwingine tukitazama tulikotoka, kila mtu na kasia moja, wawili upande huu na wawili upande ule. Bi Zuhura alikaa mwishoni kabisa mwa boti akitutazama, na ni yeye peke yake aliyeona tunakokwenda. Mbele yake, uso kwa uso, alikaa Tabu, binti asiyesikia tangu kuzaliwa, ambaye mvuto wake ndio tulioufuata wote. Kwa ajili yake kila amri ilikuwa na mkono: ngumi kuelekea kifuani kwa "vuta," kiganja kilichotazama chini na kushushwa polepole kwa "pole," kiganja wima kwa "acha." Nyuma ya Tabu alikaa Daudi, aliyepoteza macho akiwa mtoto na aliyefanya kazi kwenye mashine ya kusaga; yeye alifuata sauti ya Bi Zuhura na mlio wa kasia la Tabu kwenye kigingi chake. Nyuma ya Daudi mimi, nyuma yangu Hamisi. Juma la kwanza nilimwonea Daudi huruma kwamba haoni bwawa. Juma la pili nilielewa kwamba kuhusu kilichokuwa mbele yetu, mimi na yeye tulijua sawasawa.

Na mbele yetu palikuwa na mambo. Mwaka ule mvua ilikuwa haba na maji ya bwawa yalishuka. Miti iliyozama wakati bonde lilipojazwa maji ilianza kutoa vichwa, mikavu, myeupe kwa kinyesi cha ndege, na kati ya ile iliyoonekana ilikuwapo mingine iliyoishia chini kidogo ya uso wa maji. Wavuvi waliita sehemu hiyo Makaburini. Njia yetu ya kwenda kwenye maji mapana ilipita humo, kwenye uchochoro usiozidi upana wa boti na makasia yake, na ikifika saa nne upepo ulianza kuvuma kwa ubavu. Humo amri ya "pole" ilihitajika pakiwa shwari, na "vuta" upepo ukivuma.

Baada ya mazoezi tulikula stoo. Bi Zuhura alikuwa mjane wa Kondoa aliyekuja Mtera kununua samaki wakavu wa kupeleka kwao, mwanamke mfupi, mwenye heshima ya watu wa zamani, asiyeweza kumpita mtu bila kumwuliza hali ya nyumbani. Alipika perege wa mchuzi na ugali wa uwele, akamwaga karanga kwenye sinia, na maneno yakaanza. "Nyie Wagogo," alisema, "mnajua ng'ombe. Maji mmeyaonea kwenye ndoo." Daudi akajibu mdomo ukiwa umejaa, "Na nyie Warangi, kule milimani mna bahari?" "Hatuna. Lakini tuna akili ya kutoiingia." "Basi toka kwenye boti, mama." "Nikitoka nani atawaonesha njia? Wewe?" Daudi alicheka hadi akapaliwa, na Bi Zuhura, aliyekuwa nchi kavu, akampigapiga mgongoni akisema pole, pole baba, pole. Nilikumbuka baadaye jinsi neno lilivyomtoka. Halikupitia kichwani. Lilitoka kama mtu anavyofumba jicho mdudu akipita.

Siku ajali ilipotokea tulikuwa tunarudi kupitia Makaburini na upepo ulikuwa umeshaanza. Bi Zuhura alikuwa ametoa amri ya kuvuta, kwa sababu upepo ukikusukuma ubavuni kasi ndiyo inayokushikilia njia. Daudi aliteleza mkono, kidole kikabanwa kati ya kasia na kigingi. Hakupiga kelele, aliguna tu. Na Bi Zuhura akasema, kwa sauti ya chini, "Pole." Mkono wake ulibaki gotini. Mimi nikafupisha mvuto. Daudi akafupisha na kidole chake kinachotoka damu. Hamisi nyuma yangu akafupisha. Tabu aliona mkono haujashuka, akavuta kwa nguvu zake zote kama alivyoamriwa. Boti iligeuka kama mlango. Nilisikia Bi Zuhura akisema "Vuta! Vuta!" na kabla kasia langu halijashika maji, kitu kikatupiga chini ubavuni, si kwa kishindo, kwa mlio mrefu wa mbao inayofunguka.

Maji yaliingia miguuni pangu kwanza. Watu hudhani miguu yangu haihisi. Inahisi kila kitu, haitii tu. Nilihisi baridi ikipanda kwenye kifundo, kwenye muundi, gotini, na vidole vyangu vikatafuta kifungo cha mkanda visikione. Hamisi alivua shati akalisindilia kwenye ufa, kisha akajitupa majini akakumbatia mti mkavu kwa mkono mmoja na boti kwa mwingine. Tabu alichota maji kwa bakuli la plastiki bila kuinua kichwa. Daudi aliuliza, "Yamefika wapi? Mtu aniambie yamefika wapi," na nikamwambia, gotini, bado gotini, nikiendelea kumwambia hivyo hata yalipopita. Wavuvi wa mtumbwi mmoja walituona na kutuvuta hadi ufukweni. Hakuna aliyesema pole. Sijui kama tulikuwa tunatii sheria au tulikuwa tumekosa pumzi.

Mwenyekiti wa kamati ya mwalo alikuwa ameshasimama ufukweni, mikono nyuma. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya kila chombo kilichogusa maji pale. Alitazama ufa, akamtazama Tabu, akamtazama Daudi. "Mwalimu," akasema, "umemweka kiziwi aongoze, kipofu afuate. Ulitarajia nini?" Watu walicheka kidogo. Tabu hakusikia, lakini alikuwa amesoma nyuso tangu utotoni kuliko mimi nilivyosoma vitabu. Alikung'uta bakuli, akaliweka chini taratibu, akaondoka kwenda kwao. Mwenyekiti alisema kamati itakaa Jumamosi inayofuata, na hadi hapo boti isiguse maji.

Jumamosi hiyo nilifika mapema. Nilikuwa nimekaa stoo nyuma ya marundo ya nyavu, vyuma vimefunguliwa kwa sababu vilikuwa vimenichubua njiani, Hamisi na Mwalimu waliposimama nje ya ukuta wa mbao. "Mwalimu, nisikilize," Hamisi alikuwa akisema. "Mimi simchukii yule binti. Lakini tukimtoa, Mwenyekiti atatuachia boti. Nimeongea naye." Akashusha sauti. "Tukimng'ang'ania, tunatoka wote." Mwalimu hakujibu, na kimya chake kiliniogopesha kuliko maneno ya Hamisi, kwa kuwa nilijua kimya cha mtu anayekubali ni cha namna gani. Akitolewa Tabu leo, nilifikiri, kesho ni Daudi, na kesho kutwa mimi nitarudishwa kwenye benchi langu la Chang'ombe. Nisingeweza kuinuka bila mlio wa chuma, nao wangenisikia. Nilibaki pale. Nilichukua vikombe vinne vya bati, nikavipanga kwenye mkeka kama tulivyokaa, nikaweka kijiko pembeni ya kila kimoja, nikairudia siku ile: nani alisikia nini, nani aliona nini, nani alifanya nini. Nilivisogeza mara kadhaa. Kila mara kikombe kilichofanya kilichoamriwa kilikuwa kimoja.

Bi Zuhura aliingia na birika la chai akanikuta hivyo. Alisimama akaviangalia vikombe. Nilianza kumweleza, akainua mkono. "Najua, mwanangu. Nililijua kabla maji hayajaingia." Akakaa chini, akajimiminia chai asiyoinywa. "Samaki wangu wanatoka mwalo huu. Nikisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyepasua boti, Mwenyekiti anaweza kunifungia. Na nikirudi Kondoa mikono mitupu, nina watoto." Nilimwambia sitasema lolote. Alikiinua kikombe cha Tabu, akakifuta kwa kitenge, akakirudisha mahali pake hasa.

Kamati ilikaa kwenye mabenchi mbele ya mzani wa samaki. Tabu alikuwapo, amekuja mwenyewe, amevaa gauni safi. Mwenyekiti alipokuwa anaanza habari za kiziwi, Bi Zuhura alisimama, akawasalimu wazee mmoja mmoja, kisha akasema alimpa Daudi pole kwa kidole chake, na watatu waliosikia wakaidhani ni amri, na asiyesikia peke yake ndiye aliyefanya kazi yake. Alisema yote akimtazama Tabu na kuyarudia kwa mikono. Mwenyekiti alikaa muda akitafuna kijiti. "Yaani, mama, unataka kuniambia boti imepasuka kwa sababu ya adabu?" "Ndiyo, Mwenyekiti." "Basi ondoeni hilo neno. Semeni lingine." Mwalimu akafumbua mdomo, na nilijua angekubali. Lakini Daudi akasema, "Mwenyekiti, mimi nimepewa pole tangu nilipoacha kuona. Mle botini ndimo pekee neno hilo linaniambia jambo la kufanya. Msituondolee." Mwenyekiti alitema kijiti. "Zibeni ufa. Jumamosi ijayo napanda mwenyewe. Nikiloa hata soksi, mwalo huu hamrudi, wala wewe, mama, na vikapu vyako."

Alipanda. Alikaa mbele kabisa, nyuma ya Hamisi, kwa hiyo hakuna kati yetu wanne aliyemwona. Tulimsikia tu akihema ndani ya jaketi okozi. Bi Zuhura alikuwa amekunja midomo. Hatukuwa tumeguswa na maji kwa majuma mawili, na Mwalimu aliyebaki ufukweni alionekana mdogo kwa mbali tayari. Kabla ya kuingia Makaburini nilihisi kitu kikali kwenye muundi. Ncha ya msumari wa kiraka kipya ilikuwa imetokeza upande wa ndani, na kila nilipovuta, mguu wangu, usioweza kujiondoa, ulipita juu yake. Damu ilichanganyika na maji kidogo yaliyokuwa sakafuni ikawa nyingi kuliko ilivyokuwa. Bi Zuhura aliiona. Niliona jinsi uso wake ulivyonijia wote, mama wa watu, macho yakilegea, na neno likafika kabisa kwenye meno. Akalimeza. Mkono wake ulibaki ngumi, kifuani, ukirudi na kwenda. "Vuta," akasema. Upepo ulitupiga ubavuni. Tulikuwa ndani ya uchochoro. Ndipo nyuma yangu sauti nene ikasema, "Pole! Pole sana, kijana, mbona unatoka damu!"

Mwili wangu wote ulilijua neno. Nilihisi kasia la Hamisi likisita, mtetemo wake ukapita kwenye mbao hadi kwenye benchi langu. Mbele yangu mgongo wa Daudi uliinama na kurudi, uliinama na kurudi, bila kupungua hata kidogo; kwake sauti hiyo ilikuwa imetoka upande usiotoa amri. Na mbele yake, Tabu, ambaye hakuwa na habari kwamba kitu chochote kimesemwa. Niliufuata mgongo wa Daudi. Nilivuta, na msumari ukapita, nikavuta, na Hamisi akatufikia. Mti mweupe ulipita kando ya kasia langu, karibu kiasi kwamba niliona mayai ya ndege kwenye pango lake. Halafu mwingine. Halafu maji yakawa mapana, na Bi Zuhura akafungua ngumi, akageuza kiganja chini, akakishusha. "Pole," akasema. Makasia manne yakafupika pamoja.

Ufukweni Mwenyekiti alishuka, akatazama viatu vyake, akamwuliza Mwalimu, "Yule binti anaitwa nani?" Alipoambiwa, alilirudia jina mara moja, "Tabu," kama mtu anayeliweka mfukoni. "Ule msumari upigeni," akasema, akaenda zake. Hamisi alinibeba hadi stoo. Bi Zuhura alileta maji ya chumvi, akauosha mguu wangu mwembamba mbele ya wote, akaufunga kwa kipande cha kanga, akakifunga fundo, kisha akaipiga sakafu ya udongo kwa kiganja. "Hapa ni nchi kavu?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Basi pole, mwanangu." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilikuwa sijawahi kuijibu kwa moyo. "Nimeshapoa," nikasema, na ilikuwa kweli.

Nilifika Kondoa jua limeanza kuinama. Daudi alikuwa ameshafika na kijana wa jirani yake, akaweka mkono begani kwangu, na tukasimama uani kati ya wanaume, tukipokea poleni za kila aliyeingia. Hamisi, mwenye mvi sasa, alikuwa ndani na wabebaji. Tabu nilimwona upande wa wanawake, mama mtu mzima, mjukuu mgongoni. Jeneza lilipotolewa watu walisongamana, kila mmoja akitaka kulishika, maana kwao kuharakisha maiti ni heshima, na pale mlangoni palikuwa na ngazi ya mawe iliyovunjika na baada yake mteremko. Lilianza kuyumba. Niliona vijana wa mbele wakivuta na wa nyuma bado wako juu. Nilimtafuta Tabu kwa macho, sijui kwa nini, na alikuwa ameshauinua mkono juu ya vichwa vya wanawake: kiganja chini, kikishuka. Hamisi, begani kwake pembe ya jeneza, alikiona. Hatua yake ikafupika, na aliyekuwa sambamba naye akalazimika kufupisha, na wa nyuma wakafuata, jeneza likatulia, likashuka ngazi lote kwa usawa. Mimi pia nilikuwa nimepunguza mwendo bila kujua, magongo yangu yakitua karibukaribu. Daudi alilihisi hilo begani kwangu. "Pole," akasema kwa sauti ya chini. Mzee mmoja aliyekuwa kando yetu alidhani ananipa ya msiba, akatugeukia kwa upole akasema, "Poleni sana, wanangu." Hatukumjibu. Tulikuwa tunapunguza.